Jinsi ya Kukata Tiketi za Nafuu za Treni ya Nairobi hadi Mombasa kwa Familia Inayotoka Uganda

Likizo ya shule inapokaribia, wazazi wenzangu hapa Bombo, Uganda, huniuliza swali lile lile: inawezekanaje kuwapandisha watoto treni ya Kenya, waione bahari na kurudi siku hiyo hiyo, bila gharama kuwashinda? Inawezekana, na nimefanya hivyo zaidi ya mara moja. Punguzo lipo, ila halitangazwi kwa mabango kama punguzo la dukani. Limo katika umri wa mtoto, katika daraja unalochagua, na katika kuwahi kulipa kabla viti vya bei ndogo havijaisha. Mzazi asiyeyajua haya matatu hulipa karibu mara mbili, au hata mara tatu, kwa safari ile ile.

Kwa sasa hakuna treni ya abiria inayovuka mpaka kutoka Kampala, ingawa reli ya zamani iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 iliitwa Reli ya Uganda. Kwa hiyo familia husafiri kwa basi hadi Nairobi, hulala kwa ndugu (sisi Wanubi wa Bombo tuna jamaa wengi Kibera, na hilo peke yake ni nafuu kubwa), kisha hufanya safari ya siku moja kwa treni ya Madaraka Express kwenda Mombasa na kurudi. Treni hiyo ilianza kubeba abiria mwezi wa Juni 2017.

Tuanze na nauli. Tangu Januari 2024, mtu mzima hulipa shilingi 1,500 za Kenya kwa daraja la kawaida na 4,500 kwa daraja la kwanza, kwa upande mmoja. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, yaani 750 au 2,250, na mtoto aliye chini ya miaka 3 husafiri bila malipo, ila hapewi kiti chake na itabidi apakatwe. Nauli ni ile ile kwa Mkenya na kwa mgeni. Chukua familia yangu kama mfano: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi, mtoto wa miaka 11, mwingine wa miaka 7, na wa mwisho wa miaka 2. Katika daraja la kawaida, watu wazima watatu ni 4,500, watoto wawili ni 1,500, na mdogo hana nauli. Jumla ni 6,000 kwenda na 6,000 kurudi. Kwa kiwango cha kubadilisha fedha kinachokaribia shilingi 28 za Uganda kwa moja ya Kenya, hizo 12,000 ni kama 336,000 zetu. Familia hiyo hiyo ikichelewa, ikakuta viti vya kawaida vimejaa na kulazimika kupanda daraja la kwanza, italipa 36,000 za Kenya kwenda na kurudi. Tofauti ni 24,000, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba kuwahi ni punguzo ingawa bei ya tiketi yenyewe haishuki kwa kuwahi.

Umri unahitaji uangalifu kuliko jambo lingine lolote. Mtoto akishatimiza miaka 12 hulipa kama mtu mzima, kwa hiyo ukiwa na wa miaka 11 anayekaribia siku yake ya kuzaliwa, panga safari iwe kabla ya siku hiyo. Unapojaza fomu ya kukata tiketi, chagua sehemu ya mtoto kwa kila anayestahili, andika jina lake kama lilivyo kwenye hati yake, na uweke namba ya hati ambayo utaibeba siku ya safari. Ikiwa umeandika namba ya pasipoti, usije kituoni na kitambulisho cha taifa. Beba pia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu mtoto wa miaka 11 mwenye umbo kubwa anaweza kutiliwa shaka, na karatasi humaliza mjadala ambao maneno ya mzazi hayataumaliza.

Kosa hili nililifanya mwenyewe mara ya kwanza. Nilikuwa na haraka, nikampa fedha mtu mmoja aliyekuwa akizunguka karibu na kituo cha mabasi jijini Nairobi, akidai kwamba yeye huwakatia wageni tiketi. Alituandikia sote sita kama watu wazima, hata mtoto wa kupakatwa, nikalipa 9,000 badala ya 6,000, juu ya ujira wake. Langoni namba za hati za watoto hazikulingana na tiketi, na maelezo yalichukua muda mrefu kiasi kwamba mama yangu alianza kulia kwa hofu ya kuachwa. Tangu siku hiyo sijampa mtu wa kati kazi ya kuandika majina ya watoto wangu, na nakusihi nawe usifanye hivyo.

Sasa chagua treni. Kwa kawaida kila upande una treni ya saa mbili asubuhi, inayosimama katika vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi, na treni za haraka za saa tisa alasiri na saa nne usiku. Katika mfumo wa kukata tiketi utaona zimeandikwa 08:00, 15:00 na 22:00. Thibitisha saa hizo kabla ya kulipa, kwa kuwa ratiba huweza kubadilishwa na treni za ziada kuongezwa wakati wa sikukuu. Safari ya haraka huchukua kati ya saa tano na sita, na ile ya asubuhi kama saa sita.

Kwa familia, naona mpangilio bora ni kuondoka Nairobi saa nne usiku na kurudi na treni ya saa tisa alasiri. Watoto hulala njiani, mnafika Mombasa kabla ya alfajiri, mnasubiri kituoni hadi kupambazuke, kisha mnakuwa na asubuhi nzima mjini. Mnaporudi, mnapita katika Mbuga ya Tsavo jua likiwa bado juu, na hapo ndipo watoto huwaona tembo kupitia dirishani. Kuna wanaopendelea kwenda na ya asubuhi na kurudi na ya saa nne usiku. Mpangilio huo huwapa saa chache tu za jioni baharini na kuwafikisha Nairobi kabla ya alfajiri wakiwa wamechoka, saa ambayo usafiri wa kuwarudisha nyumbani huwa wa bei kubwa. Ukiwa na mzee au mtoto mchanga, usiuchague.

Hapa kuna mtego wa tarehe. Anayetaka kushinda Mombasa siku ya Jumamosi lazima akate tiketi ya kwenda yenye tarehe ya Ijumaa na ya kurudi yenye tarehe ya Jumamosi. Wazee wetu wakisema usiku wa Jumamosi huwa na maana ya usiku wa kuamkia Jumamosi, lakini mfumo wa reli hauhesabu siku kuanzia machweo. Nimeona familia ikifika kituoni na tiketi za usiku wa siku inayofuata, na viti vya usiku ule vikiwa vimejaa.

Kuhusu majira, kalenda ya shule za Uganda inatusaidia. Wakati wa Krismasi, Pasaka, Idi na likizo ya Agosti, Wakenya nao wanasafiri, na daraja la kawaida hujaa mapema sana. Lakini mwezi wa Mei watoto wetu huwa likizoni huku wenzao wa Kenya wamesharudi darasani, na siku za katikati ya juma katika mwezi huo ndizo rahisi kuliko zote kupata viti vya familia nzima pamoja.

Malipo ndiyo huwakwamisha wengi, kwa sababu mtu anaweza kuchagua viti akiwa Kampala kisha akashindwa kuvilipia. Tiketi hukatwa kwenye tovuti rasmi ya Shirika la Reli la Kenya, au kwa kupiga *639# kwa laini ya Kenya, na njia ya malipo iliyozoeleka ni M-Pesa. Ukichagua viti bila kulipa ndani ya muda mfupi uliotolewa, hurudishwa sokoni. Njia niliyoiona kuwa salama ni kumtumia ndugu aliye Kenya kiasi kamili, tena kabla ya kuanza kujaza fomu, kisha mkajaza pamoja kwa simu, wewe ukimsomea majina na namba za hati moja baada ya nyingine na yeye akikurudishia kwa sauti kabla ya kulipa. Asiye na ndugu anaweza kusajili laini ya Safaricom kwa pasipoti yake akishavuka, akaweka fedha kwa wakala, na kukata tiketi mwenyewe. Ila huyo asisafiri wakati wa sikukuu, kwa kuwa atakuta viti vimekwisha. Kata tiketi za kwenda na za kurudi kwa wakati mmoja. Kupata za kwenda bila za kurudi ni kujifungia mwenyewe Mombasa na gharama za kulala.

Zingatia pia pale fedha zinapovuja bila kuonekana. Kabla ya kutuma fedha kutoka simu ya Uganda kwenda M-Pesa, linganisha kiwango cha kubadilisha na kile cha duka la fedha mjini, kisha ongeza makato. Kwa fedha taslimu, usibadilishe kwa watu wanaokimbilia basi mpakani. Ingia kwenye duka lenye leseni na uhesabu mbele ya dirisha.

Mpakani, Busia na Malaba zina vituo vya pamoja: anayetoka Uganda hushughulikiwa na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Kenya. Mtu mzima wa Uganda anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza mwaka 2014 baina ya Uganda, Kenya na Rwanda. Mtoto asiye na kitambulisho anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na ofisi ya uhamiaji iendewe wiki kadhaa kabla. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake abebe barua ya ridhaa yenye sahihi na nakala ya kitambulisho cha aliyebaki. Kadi za chanjo ya homa ya manjano ziwe tayari pia. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kudungwa, na cheti chake ni cha maisha, kwa hiyo gharama hiyo hailipwi tena.

Acha kavera zote nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 28 Agosti 2017, na chapati za watoto zifungwe kwenye karatasi au chombo chenye kifuniko. Chakula cha ndani ya treni ni cha bei ya juu kuliko cha nyumbani, na familia inayobeba chake huokoa fedha ambazo hazionekani kwenye hesabu ya tiketi.

Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na foleni ya Barabara ya Mombasa haina huruma. Kutoka Kibera sisi hutenga saa mbili na nusu kabla ya treni kuondoka. Mizigo hupangwa chini ili mbwa wa usalama wainuse, kisha hupitishwa kwenye mashine, na tiketi iliyokatwa kwa simu huchapishwa pale pale kituoni kabla ya kuingia. Waeleze watoto mapema kuhusu mbwa wale, wasije wakaogopa.

Kituo cha Mombasa nacho kiko Miritini, nje ya mji, hivyo tenga nauli ya matatu kwenda na kurudi, na uanze kurejea kituoni ifikapo saa sita na nusu mchana. Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ina kiingilio cha chini kwa wakazi wa Afrika Mashariki kuliko cha wageni wengine, kwa hiyo onyesha kitambulisho chako kabla ya kulipa. Kivuko cha Likoni hakimtozi anayetembea kwa miguu, na watoto wangu walikipenda kuliko ngome yenyewe.

Katika daraja la kawaida viti vimepangwa vitatu upande mmoja wa njia na viwili upande mwingine, vikitazamana. Mkiwa na tiketi tano zilizokatwa pamoja, mnaweza kuomba jirani abadilishane nanyi kiti kimoja ili watoto wakae dirishani. Mnaporudi Nairobi, waweke upande wa kushoto wa treni. Hewa ikiwa safi, baada ya Voi wataweza kuuona Mlima Kilimanjaro.