Unaijua mada, sasa ifundishe: mwongozo kwa mwalimu mpya wa sayansi

Mwalimu mpya wa sayansi anapofika shuleni, iwe Temeke au Kinondoni, mada zake kwa kawaida anazijua. Kinachomsumbua ni kwamba wanafunzi wanaandika kila alichosema, lakini akisahihisha madaftari anakuta hawakuelewa. Mwaka 1986, mtaalamu wa elimu wa Marekani Lee Shulman alieleza kuwa mwalimu anahitaji maarifa ya pekee yanayounganisha somo na namna ya kulifundisha: wanafunzi hukwama wapi, na mfano gani huwakwamua. Maarifa hayo hujengwa mada kwa mada. Nitaonyesha kwa mada ndogo, mvuke kugeuka maji, kwa sababu unyevu wa hewa ya Dar unatusaidia bure.

Hatua ya 1: Andika wazo moja

Kabla ya andalio la somo, andika sentensi moja unayotaka mwanafunzi aweze kuitetea. Mfano: matone yaliyo nje ya chupa baridi yametoka kwenye mvuke uliomo hewani.

Hatua ya 2: Tafuta wanachoamini tayari

Usiipite haraka hatua hii. Siku moja kabla ya kipindi, waonyeshe chupa ya maji iliyotoka kwenye friji, uulize: "Haya maji ya nje yametoka wapi?" Wajibu kwenye vipande vya karatasi, bila majina, kwa Kiswahili. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, lakini hapa unatafuta fikra zao, na mtoto anayehangaika na sarufi atakuficha anachofikiri.

Tarajia majibu kama haya: maji yamepenya kwenye chupa, ubaridi umegeuka maji, haidrojeni na oksijeni za hewani zimeungana. Mimi hili la mwisho nalithamini sana. Huyu amesoma kemia na anajaribu kuitumia, ila ameipeleka pasipo pake. Ukimwambia "umekosea" ukaendelea, atakariri jibu lako na kubaki na lake.

Hatua ya 3: Kila jibu litafutie ushahidi

Kwa anayesema maji yamepenya, poza chupa ya juisi ya rosela iliyofungwa vizuri, kisha ifute kwa kitambaa cheupe. Matone hayana rangi. Weka pembeni chupa ya pili yenye juisi ileile, ambayo haikupozwa: hiyo haitoi matone.

Kwa anayesema ni ubaridi, tumia mizani ya maabara. Kausha chupa baridi, ipime mara moja, subiri dakika 15, ipime tena bila kuifuta. Uzito umeongezeka, kwa hiyo kuna kitu kimekuja kutoka nje. Kipimo hikihiki kinamjibu pia wa kwanza, maana kama maji yangekuwa yanavuja tu, uzito usingepanda.

Kwa wa haidrojeni, mweleze kwamba gesi hiyo ni kidogo mno hewani, na kwamba katika hali ya kawaida haiungani na oksijeni mpaka iwashwe kwa moto au cheche.

Hatua ya 4: Watabiri kabla ya kuona

Chupa zikae kwenye deli lenye barafu hadi kipindi kianze. Kila mwanafunzi aandike atakachokiona na sababu yake, ndipo uzitoe. Darasa likiwa kubwa, chupa moja kwa kila kundi inatosha. Wakianza kubishana, nyamaza. Nafahamu ni vigumu, hasa mkuu wa idara akiwa amekaa nyuma, lakini ubishi huo ndio unaowafanya wapime sababu zao. Istilahi za Kiingereza ziandike ubaoni baada ya hapo.

Hatua ya 5: Uliza swali jipya

Usirudie chupa. Uliza: "Mvua inanyesha, daladala imejaa na madirisha yamefungwa. Ukungu unaingia upande gani wa kioo cha mbele, na kwa nini?" Anayesema ni upande wa ndani, kwa sababu mvuke wa pumzi za abiria umegusa kioo kilichopozwa na mvua, amelishika wazo. Anayesema mvua imepenya, mrudishie chupa ya rosela.

Hatua ya 6: Weka kumbukumbu siku hiyohiyo

Andika maneno yao kama walivyoyasema, ushahidi uliowabadilisha, na swali lililowashinda. Kisha mpe daftari mwalimu mwenzako wa kidato hichohicho, alisome kabla hajaingia kwenye mkondo wake.