Jinsi ya Kutathmini Umbo la Magari ya Kifahari ya Zamani ya Marekani Yenye Milango Miwili

Sisi wakazi wa Arusha tumezoea Land Cruiser ndefu kwa kimo, kwa hiyo anayetaka kutathmini Buick Riviera ya mwaka 1963, hata kwa picha tu, aanze kuitazama ubavuni, kwa sababu uzuri wake umo katika uwiano: boneti ndefu, paa fupi na mistari iliyonyooka isiyolemewa na kromu.

Kisha atazame nyuma, ambako ubishi wa wapenzi wa magari haya huwa mkali zaidi. Riviera ya 1971, iliyobuniwa chini ya uongozi wa Bill Mitchell, mkuu wa ubunifu wa General Motors, kampuni mama ya Buick, ina kioo cha nyuma kinachochongoka kama sehemu ya nyuma ya mashua. Wapo wanaoiona kuwa kazi ya kijasiri, na wapo wanaosema kuwa mwili wake ni mkubwa mno kwa mkia huo. Mimi naikubali kabisa, hasa ikitazamwa kutoka ghorofani.

Kwenye gari jingine la aina hii, Lincoln Continental Mark III, taa zilizofichwa zinapendeza, lakini umbo la tairi la akiba lililochongwa kwenye buti limezidi kiasi. Rangi ichunguzwe mwisho, ikiwezekana baada ya kuona picha ya nyeusi na nyeupe.