Jinsi ya kuandaa jioni ya kuwakumbuka The Weavers ukiwa hapa Mtwara

Kitu cha kwanza kabisa, usianze na spika. Mwaka ule tulipofanya mara ya kwanza pale Shangani tulikodi spika kubwa, tukaweka nyimbo zote kwenye flashi, watu wakaja wakakaa kwenye viti vya plastiki, nyimbo zikapigwa moja baada ya nyingine na watu wakanyamaza kimya kama wako msibani, saa tatu kila mtu akaaga. Nililala na huzuni usiku ule, manake wale wazee waliokuja wanazijua zile nyimbo kichwani neno kwa neno na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo. The Weavers walikua kundi la watu wanne wanaimba pamoja, Ronnie Gilbert, Lee Hays, Fred Hellerman na Pete Seeger, walianza 1948 kule New York na kazi yao kubwa ilikua kumfanya msikilizaji aimbe nao. Kwa hiyo ukitaka kuwakumbuka inabidi muimbe, na ndo maana nayaandika haya hatua kwa hatua kama tunavyofanya sasa hivi.

Chagua tarehe vizuri. Oktoba mpaka Desemba sahau, watu wako kwenye korosho, asubuhi shamba mchana ghalani jioni wanasubiri habari za mnada, hela inaweza kuwepo ila muda wa kukaa na kuimba haupo. Masika nayo barabara za kutoka vijijini zinasumbua. Sisi tunafanya Juni au Julai, ila hapo ujue kuna kusi, ukikaa ufukweni upepo unabeba sauti zote unabaki unasikia besi tu, bora ua wa nyumba wenye ukuta au kibaraza kama vile vya Mikindani ambapo sauti inagonga ukuta inarudi. Mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema, sio lazima kwa sababu ya kelele, ni heshima tu, na wetu siku hizi anakuja mwenyewe anasimama upande wa besi.

Sasa watu. Usitafute wanaojiita mashabiki, hutapata hata watano. Tafuta walimu wastaafu, manesi wa zamani, watu waliosoma sekondari za misheni upande wa Masasi na Ndanda, mabaharia wastaafu wa bandarini. Alafu usiwaulize "unawajua The Weavers?", watasema hapana. Waimbie kidogo, mstari mmoja tu kwa mdomo bila maneno. Mama mmoja aliyestaafu ualimu nilimwimbia hivyo nimesimama mlangoni kwake, akaweka ungo chini akaniambia "Mwanangu, huo wimbo tulifundishwa na mwalimu wa kigeni, alikua na gitaa, tukiimba kabla ya kulala bwenini." Hakuwahi kujua jina la kundi miaka yote hiyo. Hapo ndo unatoa daftari. Andika nani, aliusikia wapi, alikua na nani, mwaka kama anaukumbuka, na uandike maneno jinsi yeye anavyoyatamka hata kama unaona amekosea, usimsahihishe, kwa sababu hayo maneno ndo yaliyokaa naye miaka hamsini.

Nyimbo chache zinatosha. Sisi tuna tano, na kati ya hizo mbili ndo tunazifanyia kazi kweli, zile nyingine zinakuja zenyewe.

Ya kwanza ni Wimoweh, na hapa naomba unisikilize vizuri maana hili kwangu ni la muhimu kuliko yote. Usiianze na The Weavers. Ianze na Solomon Linda. Huyu alikua Mzulu, na kundi lake Evening Birds walirekodi Mbube Johannesburg mwaka 1939, mbube ni simba kwa Kizulu. Rekodi ikafika Marekani, Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili, akampa Pete Seeger, Seeger akakaa nayo akiandika anachosikia, wale wanaitikia "uyimbube" yaani wewe ni simba, yeye akasikia "wimoweh" na jina likabaki hivyo. The Weavers wakaitoa ikawa maarufu 1952, baadae 1961 kundi jingine la Marekani, The Tokens, wakaiimba tena na maneno ya Kiingereza na hiyo ndo watoto wetu wanaijua kwenye filamu ya katuni. Linda alifariki 1962 akiwa maskini, na familia yake ilikuja kufikia makubaliano ya malipo 2006, miaka 44 baada ya yeye kuzikwa. Mimi nawapenda The Weavers kwa moyo wote lakini siwezi kusimama mbele ya watu wa kusini hapa nikaimba wimbo wa simba bila kumtaja mwenye simba wake. Kwa hiyo kwenye jioni yetu tunapiga rekodi ya Linda kwanza, kwenye simu, spika ndogo tu, watu wasimame wasikilize mpaka mwisho. Sikiliza pale karibu na mwisho sauti yake inapopanda juu peke yake. Hiyo melodi ya juu aliibuni palepale studio.

Kupanga sauti. Kama una watu wa kwaya una bahati na una tatizo kwa wakati mmoja. Bahati ni kwamba wanajua solfa (do re mi) na wanashika sauti haraka, tatizo ni kwamba kwenye kwaya zetu sauti ya kwanza wamama ndo wanabeba wimbo na wengine wote wanafuata chini. The Weavers hawakua hivyo. Ronnie Gilbert alikua mwanamke peke yake na sauti yake ni nzito, ya kifuani, inakaa katikati ya wanaume na haifunikwi. Seeger anapita juu yake. Hays yuko chini kabisa na besi yake ya kanisani, baba yake alikua mchungaji kule Arkansas na unalisikia hilo kanisa ndani yake. Hellerman anajaza katikati na gitaa. Kwa hiyo usimpe wimbo mama mwenye sauti nyembamba ya juu, mtafute yule anayeita watoto kutoka mtaa wa pili na wanakuja, mwambie aimbe vile vile asiilegeze sauti.

Kwa Wimoweh anza na besi. Kundi la Linda lilikua na besi watatu kati ya watu sita kwa hiyo usione aibu kuweka wanaume wengi huko chini. Wafundishe kipande chao peke yake, warudie dakika tano nzima bila kusimama mpaka miguu ianze kutembea yenyewe, alafu ndo uongeze tenor, sauti ya juu ya wanaume, alafu sauti ya pili. Mtu wa juu awe mmoja tu na aingie mwisho. Gitaa ni kodi (chords) tatu, ukiwa kwenye G unaenda C unarudi G unaenda D, unazunguka hivyo hivyo mwanzo mwisho. Ukiona wazee wanakaza shingo shusha mpaka E, hakuna aliyesema lazima iwe G.

Banjo kama ile ya Seeger huku hutaipata, usijisumbue. Chukua gitaa kavu la pili, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, juu kwenye frethi ya saba hivi, apige kwa kucha nyuzi moja moja haraka. Inatosha kabisa.

Ya pili ni Goodnight, Irene. Huu The Weavers waliupata kwa Lead Belly, mwimbaji wa Marekani, jina lake la kuzaliwa Huddie Ledbetter, alifariki Desemba 1949, na mwaka uliofuata, 1950, The Weavers wakautoa ukakaa namba moja Marekani wiki 13. Lead Belly mwenyewe hakuwahi kuusikia redioni ukiwa hivyo. Mlieleze hili kabla ya kuimba, sentensi mbili tu, alafu muanze. Mapigo yake ni matatu, moja mbili tatu moja mbili tatu, kama unabembeleza mtoto mgongoni, na hapa ndo tunapoweka Kiswahili. Watu wengi wanatafsiri vibaya kwa sababu wanatafsiri maana wanasahau mkazo. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo hiyo silabi ndo inatakiwa ikae kwenye pigo la moja. Chukua "lala salama", ile LA ya katikati ya salama iweke kwenye moja, ile sa ije kabla, utaona inakaa kama iliandikwa kwetu. Ukiiweka sa kwenye moja mtu anasikia kitu kimepinda ila hajui ni nini. Sisi tulibishana kitikio kimoja jioni mbili nzima, babu mmoja baharia mstaafu akasema "Acheni maneno mengi, wimbo wa kulala haubebi maneno mengi," tukakata nusu, na alikua sahihi.

Kati ya nyimbo hizo mbili ndo mahali pa kusimulia yaliyowapata The Weavers. Fupi, watu wamekaa. Kundi lilikua kileleni alafu likaambiwa ni wakomunisti, 1952 mtu akatoa ushahidi dhidi yao na baadae mwenyewe akakiri alidanganya, lakini redio na kumbi zilishafunga milango na kundi likavunjika. Mkesha wa Krismasi 1955 wakaimba tena Carnegie Hall, ukumbi maarufu wa New York, ukajaa. Seeger akatoka 1958, kulikua na suala la tangazo la sigara hakukubaliana nalo, wengine wakaendelea na watu wengine mpaka 1964. Mwisho wale wanne wa mwanzo walikutana Carnegie Hall Novemba 1980, Lee Hays akiwa kwenye kiti cha magurudumu, miguu yote ilishakatwa kwa sababu ya kisukari, na mwaka uliofuata akafariki. Kwenye kundi letu kuna wazee wawili wa kisukari, na mmoja wao tukifika hapo huwa anaomba turudie ile sehemu ya besi. Tunaimba tena.

Chakula ni baada, sio kabla. Hasa korosho, vipande vinabaki kooni na mtu wa juu akipanda anakohoa. Kabla weka chai ya tangawizi na maji ya uvuguvugu. Baada ya kuimba ndo ming'oko (mizizi ya porini inayoliwa huku) ya kuchemsha na pilipili ya limao, samaki, korosho mpaka watosheke. Umeme ukikatika msisimame, endeleeni, jioni yetu nzuri kuliko zote ilikua gizani na taa moja ya chemli mezani, watu walisikilizana zaidi.

Kurekodi tumia simu mbili. Moja weka katikati ya duara juu ya kiti chenye khanga iliyokunjwa ili isipokee mtikisiko wa miguu, nyingine iwe upande wa besi kwa sababu simu huwa inameza besi. Weka kwenye mode ya ndege ili mtu asipige katikati. Mwanzoni mwa kila wimbo mtu aseme tarehe, mahali, na majina ya walioimba, kwa sauti, manake baada ya miaka mitatu hutakumbuka ile sauti ya tenor ilikua ya nani. Hii tumeijifunza kwa uchungu. Mama yule wa ungo alifariki mwaka jana, tunayo rekodi moja tu yake na mwanzoni hakuna aliyesema jina, ilibidi tukae na binti yake tusikilize mara nyingi mpaka akanyoosha kidole akasema "huyo hapo, huyo ni mama."

Kesho yake faili zigawe. Wenye simu kubwa watumie WhatsApp, wasio nazo weka kwenye memori kadi ya redio ndogo zile za kubeba, kijana yeyote wa duka la simu anakuwekea kwa bei ndogo, na walio Newala au Nachingwea mpe konda wa basi bahasha iliyoandikwa jina. Binti yake yule mama tulimpa kadi mbili, moja ya kusikiliza na moja aifungie kabatini.