Mdai wa mkopo wa simu akianza kukutisha: hatua za kuchukua nchini Kenya

Wengi wanaosumbuliwa na wadai wa mikopo ya simu hukosea mapema kabisa: kwa aibu, wanafuta ujumbe waliotumiwa. Usiufute. Tuseme mwajiri wako amepokea ujumbe unaosema, "Mwambie mfanyakazi wako alipe leo, la sivyo tunakuja hapo kazini na polisi." Mwombe akutumie picha ya skrini inayoonyesha nambari ya mtumaji, tarehe na saa, nawe ukipigiwa simu, andika papo hapo jina alilojitambulisha nalo mpigaji na maneno yenyewe aliyoyatamka.

Ujumbe kama huo ni ushahidi mzito, kwa sababu kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutisha, kutukana, kumwaibisha mdaiwa mtandaoni, au kuchukua majina yaliyo katika simu yake ili kuwatangazia jamaa na marafiki habari za deni. Polisi hutajwa ili kukutia hofu tu: kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, si jinai, na kifungo cha madai hakipatikani ila kwa amri ya mahakama. Wakikutishia CRB, yaani shirika linalotunza rekodi za ulipaji mikopo, fahamu kwamba sharti upewe notisi ya siku 30 kabla ya jina lako kupelekwa huko.

Kisha angalia kama mkopeshaji yumo katika orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu, na umwandikie kwa barua pepe ukidai mchanganuo wa deni: ulichokopa, riba, ada na ulicholipa. Usitume pesa kwa nambari ya mtu binafsi, hata akijiita wakala.

Mkopeshaji asipojirekebisha, peleka malalamiko Benki Kuu. Ikiwa majina ya simu yako yametumiwa, lalamika pia kwa Kamishna wa Data chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ambayo inataka lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba shangazi au mwajiri aliyetumiwa ujumbe naye anaweza kulalamika kwa niaba yake mwenyewe, maana nambari iliyotumiwa ni yake.

Malalamiko hayafuti deni, kwa hiyo endelea kupatana na mkopeshaji kuhusu malipo ya awamu, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi kabla hujatuma awamu ya kwanza.