Namna ya Kuitambua Furaha ya Jinsia Yako

Mtu aliye transjenda, yaani ambaye jinsia anayojitambua nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa, huulizwa mara nyingi ni kipi kinachomuumiza, na ni mara chache mno kuulizwa kipi kinachomfurahisha. Hata hivyo si lazima ateseke ndipo aaminiwe: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, iliiondoa hali ya kuwa transjenda katika sura ya maradhi ya akili.

Anza na daftari dogo. Kila unapohisi wepesi wa ghafla kwa kuonekana au kuitwa jinsi ulivyo, ambao ndio furaha ya jinsia, andika neno lililosemwa, mahali ulipokuwa, na jinsi mwili ulivyoitika: mabega yaliyoshuka, sauti iliyotoka bila kujibana. Kuandika "nilifurahi" peke yake hakutakufaa baadaye.

Katika Kiswahili, "yeye" na "amekuja" havimtenganishi mwanamke na mwanamume, kwa hiyo furaha hii hutujia zaidi kupitia majina ya udugu na ya heshima. Sikiliza hapo kwa makini. Mwanamke transjenda ambaye mtoto wa kaka yake alizoea kumwita baba mdogo, siku anapoitwa shangazi hupewa nafasi yake katika ukoo mzima. Ndivyo ilivyo kwa mwanamume transjenda anayeitwa mjomba na mtoto wa dada yake, badala ya mama mdogo. Mwombe ndugu mmoja unayemwamini akuite hivyo faraghani kwa majuma machache, kisha uone moyo unasemaje.

Mengine yajaribu moja moja, ili ujue kipi kimeleta nini: mtindo wa nywele, kanga, shati, jina jipya. Kisichokugusa kiache bila hofu, kwani hakithibitishi kwamba ulijikosea. Wapo wanaofurahia jina tu na hawajali mavazi.

Jina lililoandikwa rasmi lina uzito wake. Oktoba 2014, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru Baraza la Mitihani limpe Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, cheti cha KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) chenye jina lake jipya, bila alama ya jinsia. Kama njia hiyo bado ni ndefu kwako, liandike jina lako kwenye jalada la daftari, iwapo nyumbani pana usalama. Kama hapana, liandike ndani, na usitaje majina ya waliokuita vizuri, maana nao wanahitaji kulindwa.