Kibali kwanza, dodoso baadaye: utafiti wa nyanjani Uganda

Mwanafunzi wa uzamili anayetoka ng'ambo aanze kushughulikia vibali miezi kadhaa kabla ya safari. Pendekezo hupitia kwanza kamati ya maadili iliyoidhinishwa nchini, mathalani ya Sayansi ya Jamii pale Makerere, ndipo liende Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST). Wengi hukwama hapa: idhini ya chuo cha kwao haitoshi. Wilayani, ripoti kwa RDC (mkuu wa wilaya anayemwakilisha Rais), kisha kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Ukimruka huyu, kijiji kitakunyamazia. Fomu ya ridhaa itafsiriwe kwa lugha ya wahojiwa, halafu mtu mwingine airudishe Kiingereza bila kuona ya awali. Na mshirika wa chuo mwenyeji si mkalimani tu: kubalianeni kwa maandishi, mapema, juu ya data na uandishi.