Akiba, madeni ya ndugu na malipo ya SSI Marekani

SSI ni malipo ya serikali ya Marekani kwa mlemavu au mzee mwenye kipato na mali kidogo, kwa hiyo akiba yako inahesabiwa. Kikomo ni dola 2,000 kwa mtu mmoja na 3,000 kwa wanandoa, na salio hupimwa mwezi unapoanza. Ukiamka tarehe 1 una dola 2,050, malipo ya mwezi huo huna haki nayo, hata kama shemeji anakudai dola 5,000. Deni halipunguzi salio, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Lipa kodi ya nyumba na madeni kabla mwezi haujageuka. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi.

Ndugu akikukopesha, andikianeni kabla pesa hazijapokelewa: kiasi, tarehe, utarudisha dola ngapi kila mwezi na utazitoa wapi, kisha wote mtie sahihi. Bila hivyo ofisi ya Social Security, inayosimamia SSI, inaweza kuziona ni zawadi, yaani kipato, na malipo yakapungua. Mkopo wa kweli si kipato, ila kinachobaki mwezi unaofuata ni akiba.

Michango ya msiba isipitie akaunti yako. Itachukuliwa kuwa yako mpaka uthibitishe vingine. Wala usigawe pesa ili kushusha salio: unaweza kukosa malipo hadi miezi 36.

Kama ulemavu ulianza kabla hujafikisha umri wa miaka 46, fungua akaunti ya ABLE, yaani akaunti maalum ya akiba kwa walemavu. Humo, hadi dola 100,000 hazihesabiwi.

Badiliko lolote liripoti kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na utunze risiti.